Masta, weka kwanza ile tableti kwa begi

Naandika hii kwa wanafunzi wa masta (digrii ya pili) wenye kutafuta staji (mafunzo ya kazini) ya kazi ya vijana na jamii huku kwetu Lubumbashi, na kwa maprofesa wao pia kama wanapitiaga mambo ya mtandaoni, juu nimechoka kurudilia maneno yaleyale kila mara mtu mpya anaingia na barua yenye muhuri halafu anauliza "sasa mimi nitafanya nini hapa?" Niko kwenye kituo kidogo cha vijana komini (sehemu ya mji) ya Katuba, hatuna jina kubwa wala gari ya ofisi, tuna kiwanja cha vumbi, nyumba moja ya mabati, mabenchi, mipira inayopasuka ovyo, na vijana wengi kuliko viti. Kila mwaka tunapokea mastajieri. Wa lisansi (digrii ya kwanza) nawaelewa, wanakuja kujifunza tangu mwanzo. Wa masta ndio wananichosha kichwa, na si kwamba ni watu wabaya, wengi wana akili sana, shida ni kwamba wanafika wakiwa wamekwisha kuamua watakachokiona.

Nina neno moja tu kwenye hii posti, mnisamehe kama itazunguka: staji si mahali pa kuvunia data ya memwari, ile kazi ya utafiti ya kumaliza masomo. Staji ni kazi. Unakuja kujifunza kukaa na vijana, kuanzisha kitu nao, kuachia kitu mikononi mwao, na mtu mwingine anakuangalia ukifanya na anakuambia ukweli. Tangu LMD (mfumo wa lisansi, masta, doktora) iingie vyuoni kwetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, masta ni miaka miwili, na memwari inakungojea mwishoni, naelewa presha. Lakini nikisoma plani ya staji ambayo kurasa zote zinazungumza juu ya sampuli, vigezo na hipotezi, na hakuna hata mstari mmoja unaosema utafanya nini na kijana mwenye hasira anayekutukana mbele ya wenzake, hiyo najua ni plani ya utafiti, wamebadilisha tu kichwa cha habari.

Nitoe mfano wa tableti. Jioni moja ya mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kufanya watu wavae makoti mawili, stajieri mmoja alienda kwenye kona pale manseba, wale waendeshaji wa moto (pikipiki) za kubeba watu, wanapoegesha moto zao wakingojea wateja. Akasalimia vizuri, akatoa tableti, akaanza. Umri. Masomo. Hali ya ndoa. Halafu likaja lile swali, je unajiona mshiriki katika maendeleo ya komini yako, chagua: sana, kiasi, kidogo, hapana. Kijana mmoja mwenye kofia ya timu ya Mazembe akamjibu bila hata kuzima moto yake: "Yaya, andika tu, kazi hakuna, kuran (umeme) hakuna, mai (maji) hakuna, serikali haituangalie. Njo bile tulimwambiaka na ule wa mwaka yenye ilipita." Wenzake wakacheka. Stajieri akaandika "kidogo". Kabla giza haijaingia alikuwa amemaliza watu wake wote, akarudi kituoni na furaha, betri bado iko nusu.

Sasa yule wa kofia ya Mazembe ndiye mwenye kutunza daftari ya likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu) ya kona nzima. Kila jioni kila manseba anaweka franga zake, na kuna mfuko wa pembeni wa ajali, mmoja wao alipovunjika mguu walimlipia hospitali na wakamtumia na bibi yake unga wa bukari (ugali) mpaka akarudi barabarani. Wana sheria zao, wana faini kwa mwenye kuchelewa, wana mtu wa kuamua ugomvi wa wateja. Hiyo ndiyo kazi ya jamii yenyewe, inaendeshwa kila siku chini ya ule mti, bila proje, bila fulana. Na kwenye memwari yake imeandikwa kwamba vijana wale wanashiriki "kidogo". Angekaa pale jioni chache tu bila kuuliza kitu angeiona ile daftari ikitoka chini ya kiti cha moto.

Ndiyo maana wiki za kwanza kituoni kwetu ninakataza kestionere (fomu za maswali) kabisa. Wengine wananuna. Mmoja aliniambia kwa adabu yote, "Mama, mimi niko masta, si animatere (mtu wa kuchezesha vijana)," nikamjibu mwanangu, hapa hata mwenye doktora anaanza kwa kupanga mabenchi.

Na hii si roho mbaya yangu mimi, ndivyo hii kazi ilivyozaliwa. Mwaka 1884 kule London, upande wa mashariki wa mji, Whitechapel, walifungua Toynbee Hall ili watu wa Oxford na Cambridge waende kukaa kati ya maskini, nasema kukaa, kulala pale, kununua mkate kwa duka lilelile. Jane Addams akaenda kupaona, akarudi Marekani, na 1889 yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr wakafungua Hull House kule Chicago kwenye kartie (mtaa) ya wahamiaji. Na usije ukasema nachukia utafiti, kwa sababu wale wa Hull House nao walifanya utafiti tena mzito, 1895 walitoa ramani za kartie yao zenye rangi, zikionyesha familia gani imetoka nchi gani na inapata pesa ngapi kwa wiki. Lakini wakati ule walikuwa tayari majirani, watoto wa mtaa walikuwa wanakuja kwao, wamama walikuwa wanawajua kwa uso. Ramani ilikuja nyuma ya ujirani. Sisi tunataka ramani siku ya pili.

Huku Katanga tena kuna sababu yetu wenyewe ya kwenda polepole, na naona vyuoni haisemwi vya kutosha. Kwetu kazi ya jamii iliingia na kampuni. Union Minière, ile ya tangu 1906, ilijenga makambi ya wafanyakazi, hospitali, shule, na foyer ambapo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona na kulea watoto namna kampuni inataka. Ilitoa unga, ilitoa na amri. Baadaye ikaitwa Gécamines, na mpaka leo wazee watakuambia Gécamines njo ilikuwa baba njo ilikuwa mama. Halafu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kwa ule mpango wa "kuondoka kwa hiari", Banki ya Dunia ikiwa nyuma yake, mshahara ukakatika na vyote vilivyokuwa vinakuja pamoja nao vikakatika. Vijana ninaoshinda nao ni watoto na wajukuu wa wale. Wamekulia kwenye nyumba ambamo mtu wa nje akija na karatasi, ama anakuja kutoa ama anakuja kuondoa, na katika hali zote mbili jibu la akili ni kumwambia anachotaka kusikia. Hawakudanganyi. Wanakuheshimu kwa njia wanayoijua. Ni juu yako sasa kukaa mpaka wakuone kama mtu mwingine.

Watu wananiuliza kama mahali pengine iko namna gani. Uingereza, kwa mfano, hii ni profesheni kabisa yenye kutambuliwa, kuna kamati inaitwa JNC inayohusika na mishahara na vyeti vya wafanyakazi wa vijana na jamii, ilikuja baada ya ile raporti ya Albemarle ya 1960 juu ya huduma za vijana, na tangu 2010 kwa upande wa England yenyewe huwezi kuingia kwenye hiyo profesheni bila digrii. Unaweza pia kuingia kupitia masta, na masta yenyewe haikubaliki kama haina uwanja ndani yake: unafanya masaa ya kazi halisi na vijana, una msimamizi pale kazini, na ukianguka uwanjani, maksi zako nzuri za darasani hazikuokoi, cheti cha profesheni hupati. Hata hapa jirani, ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, Lusaka palikuwa na kituo cha Commonwealth cha vijana kwa Afrika, watu wa nchi nyingi walipata diploma ya kazi ya maendeleo ya vijana kupitia kile kituo. Sisi huku mtu anasoma sosiolojia, maendeleo vijijini, saikolojia, masomo ya jamii, na siku moja anajikuta mbele ya vijana arobaini na filimbi mkononi. Hakuna aliyemwambia kwamba kile pia kinajifunzwa.

Sasa, kukaa. Mastajieri wanadhani kukaa ni kupoteza wakati, kumbe ndiyo sehemu ngumu. Kwanza masaa. Wengi wanakuja saa mbili asubuhi kama wanaenda ofisi ya komini, wanashinda na mlinzi mpaka saa nane, wanarudi kwao, na kwenye raporti wanaandika vijana hawana moyo. Saa mbili asubuhi! Saa ile wenye bahati ya kusoma wako shuleni, wengine wanasukuma mikokoteni kwenye soko ya Kenya, wengine wako kwenye moto, wasichana wako kwenye foleni ya mai ama wamekaa na beseni ya mikate. Kwetu watu wanaanza kuonekana saa kumi, na mazungumzo yenyewe yanaanza pale mpira umekwisha na giza inaingia na kuran imekatika, mtu anakaa kwenye jiwe akivua viatu, hapo ndipo anasema kile hajasema wiki nzima. Kama staji yako inaisha saa nane, utakuwa umemjua vizuri mlinzi wetu, ni mzee mzuri, lakini si kijana.

Halafu wasichana. Hapa ndipo naona nani ana macho. Stajieri anaangalia kiwanja, anahesabu, anaandika "vijana wa kartie", na wote aliowahesabu ni wavulana. Mwaka mmoja tulipata dada mmoja wa masta, mtu wa kimya, sikumtegemea sana mwanzoni nikiri, yeye badala ya kukaa kiwanjani akaenda kukaa kwa parasoli (mwavuli) ya wasusi pale njia panda. Akasukwa. Akarudi kesho yake kusaidia kutenganisha mesh (nywele za kusukia), akarudi tena. Wasichana wakazoea kumwona, wakaendelea na hadithi zao kama hayupo. Ndipo akajua kwamba kuja kituoni jioni kwao maana yake ni kupita mbele ya nyumba ya mama mmoja anayeuza lutuku (pombe kali ya kienyeji), na wanaume wanaokunywa pale wanashikashika watu, na tena saa kumi ndiyo saa ya kuwasha makala (makaa) na kupika. Hakuna kestionere ingetoa hiyo, sababu hakuna aliyekuwa na swali juu ya njia. Yeye na wasichana wale ndio waliokuja kutuambia siku inayowafaa ni jumapili baada ya kanisa, na waje pamoja kwa kikundi kupitia avenyu ya juu. Tukafungua jumapili. Wanakuja. Wana ekipi ya handiboli sasa, na wavulana wananung'unika kwamba kiwanja kimechukuliwa, ambayo kwangu mimi ni habari njema.

Daftari. Kila stajieri anaandika kila jioni, kwa mkono, kwa lugha anayotaka, Kifaransa, Kiswahili, vyote pamoja, mimi sisahihishi tahajia. Alichoona, alichofanya, kilichomshika moyoni. Na kila wiki tunakaa wawili, nasoma, nauliza. Mnakariri ule mzunguko wa kujifunza kwa vitendo wa Kolb wa 1984 vyuoni, unafanya, unaangalia nyuma, unatafuta maana, unajaribu tena, wote wanaweza kuuchora ubaoni, mishale yote iko mahali pake. Kuufanya ni jambo lingine. Nitaweka hapa mazungumzo moja namna yalivyokuwa, mwenyewe kanipa ruhusa.

Alikuwa ameandika: "Vijana walikosa nidhamu kwenye reniyo (kikao)."
Nikamwuliza, nini kilifanyika?
"Walikosa nidhamu, mama."
Hapana, nini kilifanyika, mtu alifanya nini na mikono yake, na miguu yake.
Akafikiri. "Wawili walitoka nje. Mmoja alilala kwa benchi."
Walitoka nani akisema?
"Mimi."
Ulikuwa umeanza kusema saa ngapi?
Akacheka kidogo, akaangalia chini. "Tangu mwanzo."
Na hao wawili walienda wapi?
Kumbe hakujua. Nikamwambia nenda kawaulize, bila kuwagombeza. Akaenda. Mmoja alikuwa na mtoto wa dada yake mgonjwa nyumbani, mwingine alikuwa amechoka tu na maneno, na alimwambia wazi: "Mukubwa, unasema muzuri, lakini unasema sawa radio." Wiki iliyofuata alifungua reniyo kwa kuuliza swali moja na akanyamaza. Walikaa kimya muda mrefu sana, yeye anatoka jasho, halafu mmoja akaanza. Hiyo siku ndiyo naihesabu kuwa alianza staji, mengine yote ya nyuma yalikuwa matembezi.

Ninachotaka kusema ni kwamba bila yale maswali ya kila wiki, ile reniyo ingebaki "vijana walikosa nidhamu" mpaka siku ya kutetea memwari, na jury (walimu wanaosikiliza utetezi) ingekubali, na kijana wa watu angeenda kazini miaka thelathini akiamini tatizo ni nidhamu.

Kuna na ile hadithi ya majezi, siwezi kuiacha. Vijana wetu walikuwa wanachanga pesa ya majezi, chupa za plastiki za kuokota na kuuza, kuosha magari siku ya jumamosi, vitu vidogo vidogo. Pesa ilikuwa kwa kijana mmoja, walimchagua wenyewe. Ikaja kelele kwamba kuna franga zimepotea. Stajieri wetu wa wakati ule, mtu wa maendeleo, mtaratibu sana, akaona hapa ndipo penyewe. Usiku mmoja akaandika statuti (katiba ya kikundi), kwa Kifaransa kizuri, na kamati, na rais na makamu wa rais na mweka hazina na mshauri, kurasa nyingi, akaprinti kwa pesa yake. Akazileta. Vijana wakazisifu, wakapiga makofi, wakamchagua rais. Na kuanzia siku ile kelele ya franga ikaisha, na uchangaji pia ukaisha. Kimya. Hakuna aliyekuja kuosha gari. Nilimwuliza, nani aliomba statuti? Hakuna. Wao waliomba nini? Hawakuomba kitu, walikuwa wanagombana. Basi ugomvi ule ulikuwa wa kwao, walikuwa karibu kuumaliza, na wangeumaliza kwa sauti kubwa na pengine ngumi moja mbili ambazo mimi ningezizuia, na mwisho wangejua namna ya kutunza pesa ya watu. Tuliwanyang'anya ule ugomvi. Ilibidi arudi kwao, awaambie karatasi ni yake na wanaweza kuichana. Hawakuichana, waliiweka tu juu ya kabati. Wakagombana tena, na safari hii walimaliza: watu wawili wanaweka pesa, mmoja ana sanduku na mwingine ana ufunguo. Kurasa zote zile, na jibu likawa kofuli.

Yule stajieri leo anafanya kazi upande wa Fungurume kwenye mambo ya uhusiano na jamii za migodini, na hapo kuna kitu nataka wanafunzi wa Katanga wasikie vizuri. Ile sheria ya migodi ya 2002 ilivyorekebishwa 2018 inalazimisha makampuni kuweka angalau 0.3% ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizo karibu, na kukubaliana nazo kwa kahia (daftari la makubaliano) ya majukumu. Maana yake kazi zipo, Kolwezi, Likasi, Fungurume, kila kampuni inatafuta watu wa kuzungumza na vijiji. Na wanaajiri watu wa masta. Sasa fikiria uko mbele ya kijiji ambacho vumbi ya malori imeingia mpaka kwenye sufuria zao, vijana wamefunga barabara, mwajiri wako anakupigia simu kila dakika, na wewe kitu pekee ulichojifunza ni kugawa kestionere. Utatoa ile tableti? Pale unahitaji kile ulichojifunza kwenye benchi ya Katuba, kunyamaza, kujua nani anasikilizwa kweli ukiachana na yule mwenye cheo, kutoahidi usichokuwa nacho. Nasikia wengine wanasema hiyo kazi ya migodini ni kusafisha uso wa kampuni tu. Inaweza kuwa hivyo. Inategemea pia umefundishwa kumtumikia nani.

Kuahidi, tuseme kidogo. Stajieri anaulizwa "yaya, hii proje italeta nini?" na kwa aibu ya kukaa mikono mitupu anasema "tutaona". Hapana. "Tutaona" hapa kwetu ni ndiyo. Sema sina pesa, niko mwanafunzi, nitakuwa hapa mpaka mwezi fulani halafu nitaenda. Watakuheshimu zaidi. Picha pia, mtoto si mapambo ya raporti yako, hasa wale wanaolala nje. Na ukija kwetu utakutana nao, watoto watu wanawaita shege, mimi hilo jina sipendi litumike kituoni. Sheria ya nchi iko wazi, ile namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ya kumlinda mtoto: kila mtu chini ya miaka 18 ni mtoto, na chini ya 14 hawezi kuhesabiwa na hatia ya jinai. Isome kabla ya kuja, si kwa ajili ya mtihani, bali siku polisi watakapomburuta mtoto mbele yako utajua cha kusema, kwa upole, na kumpigia nani. Na mtoto akikuambia siri nzito, kwamba nyumbani anapigwa au mjomba anamfanyia vibaya, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Unamwambia nitaitafutia msaada, na unakuja kwangu siku ileile, hata kama ni usiku. Hili halingojei kikao cha wiki. Mji wetu una watu waliofanya kazi hii muda mrefu, Wasalesiani wa Don Bosco na nyumba zao za Bakanja kwa mfano, kuna njia za kupeleka mtoto, hakuna haja stajieri ajifanye mwokozi peke yake. Kumpeleka kulala kwako ndiyo kabisa usithubutu.

Mambo ya makaratasi napita haraka. Barua ya chuo, ndiyo. Unapita kwa shefu wa kartie kumsalimia, na kwa komini kama chuo kinataka muhuri, sisi tutakusindikiza. Transpoti ni shida yako na naijua, mtu anatoka Kasapa mpaka huku mara mbili kwa siku anamaliza pesa yote, kwa hiyo panga siku chache ndefu kuliko siku nyingi za nusu saa nusu saa. Wakati wa mvua kubwa, mwezi wa kwanza wa pili, kiwanja kinakuwa ziwa na kazi inahamia chini ya mabati, usishangae. Wasichana wasirudi peke yao baada ya giza, hiyo hatuijadili.

Kuondoka nako ni kazi. Mastajieri wengi wanapotea tu, siku ya mwisho ya masaa yao, haonekani tena, vijana wanauliza "yaya alienda wapi?" na mimi sina jibu. Anza kuaga wiki kadhaa mbele, sema tarehe, acha wakukasirikie kidogo, gawa kile ulichokuwa unashika, filimbi, ufunguo, orodha, kwa mikono ya watu wanaobaki. Na memwari ukiimaliza rudi uwasomee kile ulichoandika juu yao, kwa Kiswahili. Nimeona mmoja tu aliyefanya hivyo bila kusukumwa, manseba walimkatiza kila aya, "apana, haikukuwa bile", akasahihisha mbele yao kwa kalamu. Jury haikuwa ngumu vile.

Wa maprofesa sasa, kwa heshima yote. Mnatuma mwanafunzi na fomu ya maksi, nusu ya fomu inahusu kuvaa vizuri na kufika kwa wakati, na mwisho mnataka maksi kwa jumla ya 20. Ninaijaza. Lakini mimi ninayemsikia kila wiki hakuna anayeniita kwenye utetezi, na nyinyi mnaompa digrii hamjamwona hata siku moja akiwa kiwanjani. Njooni. Hata mara moja katikati ya staji, saa kumi na moja jioni, tukae watatu, mwanafunzi, wewe, mimi, na daftari yake mezani. Chuo kimoja kimeanza kufanya hivyo, mwalimu anakuja na moto, anakunywa munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi) yake, anauliza maswali makali kuliko yangu, na tofauti kwa wanafunzi wake inaonekana waziwazi, wanaandika vitu walivyofanya badala ya vitu walivyosoma.

Kwa mwaka huu tutachukua wawili, labda watatu, na mmoja lazima aweze jumapili kwa ajili ya wasichana wa handiboli. Ukijua kucheza ngoma ama kurekebisha baiskeli, sema, hiyo kwangu ina uzito kuliko barua ya mapendekezo. Tunafungua saa tisa na nusu, muulize mlinzi.